Buluu ya Kishimoni

Mimi ni mwoga. Naliandika hili mapema ili msomaji asije akatafuta ushujaa katika sura hii, akaukosa, akadhani nimeuficha kwa unyenyekevu. Nilikuwa mwoga nikiwa na miaka kumi na tisa, nimekuwa mwoga ukubwani, na siku Fundi Ambrosi alipozikwa Mkula nilisimama nyuma kabisa ya watu, karibu na tanuri la matofali la jirani, nikihofu kwamba mtu angeniuliza marehemu aliniambia nini siku aliyoniita. Maana aliniita mimi, hakuwaita wanawe. Nilikuwa nimekaa naye mchana kutwa katika chumba chenye joto la bati, yeye amelala ubavu, na ukutani limening'inia gitaa la umeme, jeupe, lisilo na nyuzi. Siku tisa baadaye akafa. Pale msibani watu walinisifu kwa kutoka Morogoro mara mbili ndani ya wiki mbili. "Tekla hana fadhila za punda," alisema mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele, na wenzake wakaitikia, nami nikainamisha kichwa kama mtu anayestahili kusifiwa. Sikulia. Walidhani ni ukomavu.

Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, ule niliokaa kwa huyo Fundi mtaani Lumemo, Ifakara, zamani zile daraja halijajengwa na watu wakivuka mto Kilombero kwa pantoni au mtumbwi. Nilivyofika kwake ni habari nyingine, wala haina uzito hapa. Fundi alikuwa seremala wa vitanda, makabati na majeneza, nami nilikuwa mpiga msasa na mpaka rangi wake. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na karakana ya mabanzi iliyoungana nayo ubavuni. Chumba changu kilikuwa stoo ya mbao: kitanda kimewekwa kati ya mbao za msaji zilizopangwa kukauka na majeneza mawili matatu yaliyokuwa tayari, kwa sababu Ifakara ya masika ilikuwa na malaria nyingi, na Fundi hakupenda mteja wa aina ile asubiri. Watu huniuliza kama sikuogopa kulala karibu na majeneza. Jeneza ni sanduku, halina neno na mtu. Walionitia hofu mimi siku zote ni watu wazima wanaoteta kwa sauti ya chini upande wa pili wa mabanzi.

Tulikula vizuri mle ndani. Mama Felista, mke wa Fundi, alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkono mkarimu; wali wake ulikuwa wa mpunga wa shambani kwao Namawala, unaonukia hata kabla chungu hakijafunuliwa, na mchuzi wa kambale wa kukaushwa ambaye alimloweka toka asubuhi. Tulikula mkekani, sinia moja, Fundi akihubiri kazi huku anakula. Mahubiri yake yalikuwa yale yale. "Kazi ya mpumbavu inaishia pale jicho linapoishia," alisema, kisha alinyanyuka na vidole vyake vya mchuzi, akaenda karakanani, akachomoa droo ya kabati nililolimaliza na kupapasa chini yake, nyuma yake, ndani ya maungio. Akikuta mahali hapajapigwa msasa alirudi, akakaa, akaendelea kula bila kunitazama. Baada ya miezi mitatu hakukuta tena mahali. Nilikuwa napiga msasa hata upande wa kabati unaogusa ukuta, na nilijivuna sana kwa hilo. Naomba hilo likumbukwe, kwa kuwa ndilo lililoniponza.

Karibu na Pasaka ya mwaka ule Fundi alipanda darini akashuka na kitu kilichofungwa gunia. Ndani yake mlikuwa na sanduku jeusi lililoota ukungu, na ndani ya sanduku gitaa la umeme lililopakwa vanishi ya kahawia. Akasema analitoa kwa kwaya ya parokia. Mwenyekiti wa kwaya, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliligeuzageuza akashukuru, kisha akasema jambo ambalo hakuna mtu pale aliyeliona la ajabu: kwamba chombo kilichotoka kwenye mabaa hakiwezi kusimama mbele ya altare na ngozi yake ya zamani. Livuliwe mpaka kwenye mti, lipakwe nyeupe, ndipo padre atalibariki. Hata ngoma zao walikuwa wamezifanyia hivyo hivyo. Fundi akanikabidhi mimi. "Lote," akasema. "Mpaka mti." Rangi nyeupe iliyokuwepo ilikuwa ile ya majeneza ya watoto, na ndiyo tuliyoitumia.

Nilifungua skrubu zote. Sikuwa nimewahi kufungua gitaa, lakini skrubu ni skrubu. Shingo iling'oka nzima, na kwenye kitako chake, pale panapokaa ndani ya mwili, palikuwa na tarakimu za penseli zilizofifia: namba ya mwezi, na mwaka wa katikati ya miaka ya sitini. Shingo haikuhitaji rangi, nikaiweka kando. Nilipoinua ile kinga ya plastiki iliyo chini ya nyuzi, nilikuta vumbi la kijivu, laini sana, limejaa kwenye pembe za mashimo ya nyaya, limegandamana kama lile linalobaki kwenye majaruba mafuriko yakiondoka. Nikalipangusa kwa brashi. Kisha nikashika msasa. Juu palikuwa na vanishi yetu wenyewe; niliijua kwa harufu pale nilipoijaribu kwa tone la tina ya kupunguzia rangi. Chini ya vanishi ikatokea buluu, buluu nyepesi ya anga la asubuhi, nyembamba, yenye nyufa ndogondogo kama za kikombe cha zamani, na tina iliilainisha mara moja. Na chini ya buluu, nilipozidi kusugua, ikatokea rangi nyingine tena: njano katikati, ikienda nyekundu, ukingoni nyeusi, mfano wa embe lililoiva. Chini yake mti. Nilisugua siku mbili. Sehemu ya mwisho ilikuwa kile kishimo cha mraba ambamo shingo hukaa. Mle ndani vanishi ya kahawia haikuwemo. Mlikuwa na buluu tupu juu, safi kama ya jana, na ile ya embe ikichungulia chini yake. Mtu mwingine angekiacha kile kishimo, maana shingo ingekifunika. Mimi nikakisugua mpaka mti ukawa mweupe, nikapapasa kwa kidole kama alivyokuwa akipapasa Fundi, nikaridhika.

Miezi miwili kwaya iliimba na gitaa lile jeupe na hakuna kilichotokea. Kisha wakaimba kwenye arusi moja uwanjani karibu na soko, na mwanamke mmoja mwenye duka la nafaka akasimama katikati ya watu akatazama gitaa mpaka wimbo ukaisha. Aliitwa Bi Zuhura. Wote tulimfahamu, na wote tulijua habari yake. Mume wake, Hamadi, alikuwa mpiga gitaa. Miaka minane nyuma alikwenda kupiga kwenye arusi ng'ambo ya mto, akapanda mtumbwi na gitaa lake, na mtumbwi ukakutwa umepinduka kwenye matete. Mpiga kafi alipatikana siku ya tatu. Hamadi hakupatikana, wala gitaa. Wapo waliosema mamba, wapo waliosema Hamadi alishuka ng'ambo salama akaendelea na safari zake mpaka Songea kwa mwanamke mwingine, na wapo waliomwona, eti, Mbeya. Bi Zuhura hakuwa mjane wala hakuwa na mume. Siku ile uwanjani alimwendea mpiga gitaa wa kwaya, akaomba kuona ncha ya kichwa cha gitaa, akakuta pale alama nyeusi ya kuungua yenye ukubwa wa punje ya kunde. Akasema aliiunguza yeye mwenyewe, kwa kaa la chetezo, siku alipokuwa anafukiza chumba udi.

Habari ilifika karakanani kabla ya jioni. Fundi alikuwa anapiga randa. Aliendelea kupiga randa, ubao ule ule, mpaka ukawa mwembamba usiofaa kitu. Mtendaji wa kata akamwita kesho yake. Fundi akasema gitaa lake alilinunua Morogoro kwa mpigaji mmoja aliyekuwa anaacha muziki, tena ni gitaa la juzijuzi tu, na kwamba kila gitaa la baa lina alama za moto kwa sababu wapigaji huchomeka sigara kichwani pake. Mtendaji, ambaye alikuwa mtu wa haki na asiyependa kelele, akasema basi siku ya Alhamisi gitaa litafunguliwa mbele ya wote na fundi redio wa sokoni, ili ijulikane ni la umri gani na lilizaliwa na rangi gani. Na yule binti aliyelisugua aje.

Wiki ile sikulala vizuri wala sikula vizuri, na kilichonitisha zaidi ni kwamba nililishwa kuliko siku zote. Mama Felista alikuwa akinisogezea kichwa cha samaki. Fundi, ambaye hakuwahi kunisifu, aliniambia mkono wangu ni mwepesi. Hakuniuliza niliona nini chini ya vanishi yake, na mimi sikumwambia, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Jumanne jioni nilikuwa stoo nikikunja nguo, nao wamekaa karakanani upande wa pili wa mabanzi. Nilimsikia Mama Felista anasema, "Ukisema ulikuwepo, watakuuliza mkono wako ulikuwa wapi." Fundi akasema, "Mtoto ameona rangi." "Mtoto ni mtoto wetu," mkewe akajibu. Nilikaa chini, kati ya kitanda na ubao, nikafunga mdomo kwa kanga kwa kuhofia pumzi zangu zisisikike. Nilielewa jambo moja tu, na nilielewa vibaya: kwamba mtu ninayekula sinia moja naye alimwua Hamadi. Usiku ule na uliofuata niliweka patasi chini ya mto. Asubuhi niliona aibu, nikairudisha kwenye sanduku la vyombo, na Fundi akaniona ninairudisha.

Ofisi ya kata ilikuwa chumba kimoja chenye madawati yaliyotoka kwenye karakana yetu. Niliyatambua kwa jinsi yalivyosuguliwa chini. Bi Zuhura alikuwa amekaa mbele, mtandio wa kijani, mikono miwili juu ya magoti. Mtendaji alimpa nafasi ya kusema kwanza, naye hakusema mengi. "Gitaa silitaki," alisema. "Wakilipenda kanisani wakae nalo. Nina mtu ameniletea posa mara ya pili, mtu mwema, na mimi sijui nimjibu nini. Ikiwa gitaa lile ni la Hamadi, basi lilitoka mtoni, na aliyelitoa anajua kama mume wangu alitoka au hakutoka. Hilo tu. Kama siyo lake, narudi nyumbani kungoja." Akaeleza kwamba la mumewe lilikuwa la buluu. Mjomba wa Hamadi, aliyekuwa akifanya kazi melini, alilinunua jipya miaka ya sitini, likatoka kwenye sanduku likiwa la buluu, na hakuna mkono uliowahi kuligusa kwa rangi. Alilisema hilo mara mbili.

Fundi redio alifungua skrubu moja moja na kuzipanga kwenye sahani. Alianza na umri. Alisoma zile tarakimu za penseli kwenye kitako cha shingo, kisha akageuza vile vidude vinavyokaa chini ya vitufe vya sauti, akasoma namba zilizochorwa mgongoni mwao, akasema vyote viwili vinakubaliana: miaka ya sitini. Ukumbi ukanong'ona. Nilimtazama Fundi Ambrosi nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo. "Si la juzijuzi hili, Fundi," alisema Mtendaji kwa upole. Fundi akajibu kwamba aliyemwuzia ndiye aliyemdanganya umri. Ndipo ikaja rangi. Yule fundi redio alitazama kwenye kishimo cha shingo, ambako, alisema, ndiko rangi ya kiwandani husalia hata gitaa likipakwa mara mia. Akakuta mti mweupe. Akacheka kidogo, akauliza ni nani aliyesugua mpaka humu. Nikanyoosha mkono. Akatafuta tena kwa tochi, akapata ndani ya tundu moja la skrubu pete ndogo ya buluu, na chini ya buluu uzi wa njano. "Zipo mbili," akasema. "Buluu na njano. Mimi ni mtu wa redio, mambo ya rangi mwulizeni mwenyewe."

Mtendaji akanigeukia. Nakumbuka alikuwa na kalamu ya wino mwekundu na kwamba nzi alikuwa anatembea juu ya karatasi yake. "Binti, wewe ndiye uliyeivua. Ipi ilikuwa chini?" Nikasema njano, ile ya embe. "Na buluu ikaja juu yake?" Nikasema ndiyo. "Katika kazi yenu ya samani, ukikuta rangi mbili, ipi ndiyo ya kwanza?" Nikasema ya chini. Kila neno lilikuwa kweli, na nilipolisema nilihisi nafuu inapanda toka miguuni, kama mtu aliyepata mahali pa kukanyaga. Mtendaji akaandika. Kwa hiyo gitaa hili lilizaliwa na rangi ya embe, mtu akalipaka buluu baadaye, la Hamadi lilizaliwa la buluu, si moja. Bi Zuhura aligeuka akanitazama. Hakuwa na hasira. "Una hakika, binti?" Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kwamba kishimoni mlikuwa na buluu, kishimoni ambapo hakuna mpaka rangi wa mtaani anayehangaika kupafikia, na kwamba kwenye mashimo ya nyaya mlikuwa na tope la mto lililokauka. Nilijiambia kwamba mpaka rangi makini hufika kishimoni. Si mimi nilifika? Nilijiambia kwamba vumbi ni vumbi, na kwamba hakuna aliyeniuliza. Lakini sababu haikuwa hiyo. Niliogopa. Nilimwogopa Fundi aliyekaa nyuma yangu, na nilimwogopea pia, na niliogopa nitalala wapi. "Nina hakika," nikasema. Bi Zuhura akafunga mtandio wake vizuri, akawashukuru wote, akaondoka. Nilisikia baadaye kwamba yule mtu mwema alijibiwa hapana.

Niliondoka kwa Fundi kabla mwaka haujaisha. Hakuna aliyenifukuza. Tulikuwa tunakula kimya, na kimya kile kilinishinda. Nilijenga maisha yangu Morogoro kwa kazi ile ile, msasa na vanishi, na Fundi alihamia Mkula, na kila Krismasi alinitumia mchele kwa mtu anayekuja. Niliupika, nikaula. Hadithi ingeweza kuishia hapo, nami ningeendelea kujiambia kwamba nilisema kweli, maana kweli niliisema. Lakini miaka kumi na miwili iliyopita alikuja karakanani kwangu kuchukua kiti mteja anayetengeneza vyombo vya muziki vya zamani, tukakaa tunazungumza rangi kama watu wa kazi moja. Nikamwuliza kwa mzunguko, kana kwamba ni swali la hivi hivi tu, kuhusu gitaa lenye buluu juu ya embe. Akasema wala si ajabu. Huko kiwandani, alisema, mwili ukishapakwa rangi ile ya embe ukaonekana una dosari, au ikija oda ya rangi nyingine, walikuwa wakipuliza rangi mpya juu yake hapo hapo na kuliuza. "Mnunuzi hakuwahi kuiona ya chini. Ukitaka kujua, tazama kishimo cha shingo. Ukikuta buluu nyembamba mle, hiyo ni ya kiwandani." Nilimpa kiti chake, nikamsindikiza mpaka barabarani, nikarudi nikakaa. Mimi na kanuni yangu ya samani, kwamba ya chini ndiyo ya kwanza. Nilijua kuanzia siku ile kwamba Bi Zuhura alikuwa na haki kwa kila neno. Na nilikaa nalo miaka yote kumi na miwili, kwa sababu Fundi alikuwa bado hai, na mchele ulikuwa bado unakuja.

Mchana ule wa Mkula Fundi alinieleza bila kuzungukazunguka, akikohoa. Alikuwa anakwenda ng'ambo kutazama mbao. Alimkuta Hamadi na mpiga kafi wakiwa tayari kuondoka, akadandia mtumbwi wakati wa mwisho, hakuna aliyemwona. Kiboko aliwapindua katikati. Sanduku la gitaa lilielea, na Fundi hakujua kuogelea. "Alikuwa amelishika yeye," aliniambia. "Halafu nikawa nimelishika mimi. Sijui alinipa au nilimnyang'anya, Tekla. Nimejaribu kukumbuka kila siku na sikumbuki. Nakumbuka alinyoosha mkono, na mimi mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye sanduku." Mkondo ulimtupa kwenye matete, akakaa dagoni, kambini kwa wavuvi, wiki nzima, wageni wa huko juu wasiomjua, kisha akarudi nyumbani na sanduku. Alitaka kulichoma moto, akashindwa, kwa kuwa lilimwokoa. Akalipaka vanishi bila hata kulifungua. Alipolitoa kwaya alidhani likiimba kanisani litamwacha apumzike. Kwaya walipopata kinanda wakamrudishia. "Wewe uliona buluu," alisema. "Kishimoni. Mimi najua unavyosugua." Nikasema niliona. "Na ulidhani nitakudhuru." Alilia, mzee yule, kwa sauti nyembamba, na mimi nilimshika mkono kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kufanya. Kisha akaniambia nilishushe gitaa ukutani, nimpelekee Bi Zuhura mwenyewe, nimwambie yote. Niliahidi. Na hata baada ya kuahidi nilingoja afe kwanza.

Nilikwenda Ifakara siku ya nne baada ya maziko. Bi Zuhura alikuwa nyumbani. Duka analo mpwa wake sasa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu karibu, bila kunitambua, akanikaribisha kwenye mkeka, akaniletea chai ya tangawizi na vitumbua vya mchele. Nilikula kitumbua kizima kabla ya kufungua mdomo. Kisha nikafungua gunia. Alilitazama gitaa jeupe, halafu akanitazama mimi, na nikaona amekumbuka. Nilimwambia nilichokiona kishimoni na nilichokipangusa kwenye mashimo. Nilimwambia kuhusu viwanda na rangi. Nilimwambia mtumbwi, kiboko, sanduku, mkono ulionyooshwa. Nilimwambia kwamba siku ile ofisini nilijua vya kutosha na niliogopa, na kwamba juzijuzi nilijua yote na bado niliogopa.

Aliniuliza swali moja tu. "Alimpa, au alimnyang'anya?"

"Hakukumbuka, Bi Zuhura. Alikufa hakumbuki."

Nje mtu alikuwa anaita kuku. Bi Zuhura akapitisha kidole kwenye kile kidoa cheusi kichwani pa gitaa, mara moja, akaondoa mkono.

"Watu walidhani namngoja kwa mapenzi," alisema. "Mwanzo ndiyo. Baadaye ilikuwa hofu. Kadhi angenifungua, aliniambia njoo, nikakataa. Nilikuwa nawaza, nikiolewa halafu akaingia pale mlangoni amechoka na safari, nitamwambia nini? Basi kila jioni naacha chakula cha mtu mmoja, na kila asubuhi nakila mwenyewe."

Nilitaka kusema samahani, na neno lilikuwa dogo mno, nikalisema hivyo hivyo. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole, midomo ikichezacheza.

"Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi," alisema. "Inahesabiwa toka siku ya kifo, hata kama mwenyewe hukujua. Kwa hiyo yangu ilikwisha zamani sana. Ilikwisha nikiwa dukani napima mahindi." Akaanza kuvua vipuli, kimoja, halafu cha pili, taratibu kwa kuwa vidole vyake vina baridi yabisi, akaviweka kwenye kisahani cha kitumbua. "Shehe akija atasema si lazima. Mwambieni najua si lazima. Nitaikaa."

Nikamwuliza anataka nimfanyie nini. Akasema nipitie dukani kwa mpwa wake nimwambie afunge duka leo, kwa sababu mjomba wake amekufa.